Bi Connie na Koo Lake Mwenyewe

Mimi nilimwita Mama Tom kwa heshima, na yeye akaona sina adabu. Kwetu Tanga mwanamke akishazaa, jina la mtoto ndilo taji lake. Kumwita mtu mzima kwa jina alilopewa na wazazi wake, tena kavukavu, ni kumvua nguo sokoni. Basi siku yangu ya kwanza kazini, katika nyumba ile ya mtaa wa Abu Hamour, Doha, nilimsogelea na kikombe nikamwambia, "Mama Tom, chai yako." Bibi wa Kiingereza, umri umepita sabini na tano, mwili mifupa mitupu, akanitazama kuanzia kandambili hadi mtandio.

"Tom nilimzaa kwa usiku mmoja," akasema. "Jina langu nililitafuta miaka. Niite Connie."

Nisingeweza kumwita Connie mtupu, mtu wa rika la bibi yangu. Nikafikiri, nikakumbuka kwamba kwetu mwimbaji mkubwa huitwa Bi, awe hajaolewa au ameolewa mara tano. Na huyu niliambiwa alikuwa mwimbaji. "Haya, Bi Connie," nikasema. Akalirudia lile jina polepole, akalipenda, akapokea chai yake.

Tulizungumza Kiingereza, changu cha kuokoteza na chake cha jukwaani. Hapa naandika Kiswahili kwa sababu ndicho ninachojua kugombana nacho.

Ilikuwa mwaka 2011. Tom alikuwa mhandisi wa barabara, na Doha wakati ule kila kona ilikuwa imechimbwa, kwa hiyo kazi hakukosa. Alimleta mama yake baada ya bibi kuteleza jikoni kwake huko Uingereza na kuvunjika nyonga. Mimi niliajiriwa kumwogesha, kumtembeza na mkongojo wake, na kumpikia uji asioutaka. Tom alikuwa mpole, sitamsingizia. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja. Kila mgeni aliyeingia nyumba ile alinyweshwa chai na kuonyeshwa filamu ya mama yake.

Ilikuwa filamu ya zamani, yenye rangi kali kama za kashata za sikukuu. Bi Connie ndani yake ni msichana mkata tiketi kwenye stesheni ya treni. Mwanamume anamwahidi kurudi, harudi, na mwisho yeye mwenyewe anavua kofia ya kazi, anapanda treni na kuimba, "Fungeni lango, nimeshapita, treni yangu haingoji mtu." Sauti ilikuwa nyembamba na safi, inapanda juu bila jasho. Wageni walifuta machozi. Tom naye alifuta, kila mara, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Na kila mara wimbo ulipokaribia, Bi Connie alidai kwenda chooni.

Nikadhani anaona haya. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nikasema labda anajihadhari na sifa. Basi nikaamua kumfurahisha. Kulikuwa na nesi wa Kikenya, Charity, aliyekuja kila Jumanne kumpima presha. Nikamwomba aniwekee ule wimbo kwenye simu, uwe ndio mlio wa kuniita.

"Hiyo ni kitu rahisi, Zule," akasema Charity. "Weka hiyo DVD, mimi nita-record hapo kwa TV. Shosho ataskia poa sana." Shosho kwao ni bibi.

Kesho yake nilikuwa nakanda unga wa chapati, simu ikalia mezani. "Fungeni lango, nimeshapita." Bi Connie alikuwa amekaa pembeni akichambua dengu. Akanyanyuka bila mkongojo, mtu aliyevunjika nyonga, akaikamata simu yangu na kuididimiza ndani ya unga mpaka ikanyamaza.

"Bi Connie!" nikasema. "Nimekukosea nini? Si wewe huyo unaimba?"

"Si mimi," akasema. "Na usinifanyie tena."

Nilikasirika, maana simu ile niliinunua kwa jasho. Nikamwambia watu wa kwetu hatuharibu kitu cha mtu bila kutoa maelezo. Akakaa. Akafuta unga vidoleni, akanipa maelezo, na tangu siku hiyo sikuweza kuiangalia ile filamu bila kutaka kuipiga teke televisheni.

Alianza akiwa msichana wa miaka kumi na mitano, katika mji mdogo wa pwani ambako Waingereza huenda kuota jua lisilokuwepo. Alicheza mstari wa nyuma, mmoja wa wasichana ishirini wa kurusha mguu. Majira ya joto walicheza mbele ya watu wanaokula aisikrimu, majira ya baridi katika michezo ya watoto, yeye ndani ya vazi akiwa miguu ya nyuma ya farasi. Ndivyo alivyoniambia, na hakucheka. Alikaa nyuma miaka mpaka akapewa kazi ya kujifunza nafasi ya mwimbaji mkuu, ili huyo akiugua aingie yeye. Mwimbaji mkuu alipenda kinywaji. Siku moja hakuja, Connie akaingia na nguo zilizombana kwapani, akaimba, na watu hawakutaka tena yule mwingine arudi.

Halafu likaja igizo la mkata tiketi, London. Liliandikwa kwa ajili ya koo lake, na koo lake halikuwa lile la kwenye filamu. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, yenye kutu. Gazeti moja liliandika kwamba ni sauti ya mwanamke anayeijua kodi ya nyumba. Watu walipanga foleni kwenye mvua kuja kuisikia. Ndipo watu wa filamu wakaja, wakanunua igizo, wakamnunua na yeye.

"Nilirekodi nyimbo zote," akaniambia. "Wakanishukuru. Siku ya uzinduzi nikakaa kwenye kiti cha mahameli pamoja na mume wangu. Nikaona mdomo wangu unafunguka, na mtu mwingine anatoka ndani."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Walimtafuta msichana mwenye sauti nyembamba, wakamfungia studio, wakamlipa, na jina lake halikuandikwa popote. Connie hakumchukia yule msichana hata kidogo. "Wote wawili tuliibiwa," alisema, "ila yeye aliibiwa hata uso." Kwenye mkataba kulikuwa na kifungu cha kumfunga mdomo, na yeye alikuwa ametia sahihi.

Basi filamu ikatapakaa dunia nzima, na ndiyo iliyomuua. Aliporudi jukwaani, watu walikuja kutafuta ile sauti ya filamu. Akaimba kwa koo lake, nao wakanong'onezana kwamba maskini, amepoteza sauti. Wenye majumba ya maigizo wakaanza kumpa nafasi za jirani mmbea na mama wa bibi harusi. Mwisho akaoga kwa povu kwenye tangazo la sabuni, huku mwingine akiimba. Akaacha.

"Na Tom?" nikamuuliza. "Mwanao hujamwambia?"

"Tom alipelekwa shule ya bweni akiwa na miaka minane. Alikuwa na santuri ya wimbo ule. Aliipiga kila alipolia, akiwaambia wenzake huyo ni mama. Ningemwambiaje kwamba anayembembeleza si mimi?"

Mwenye kovu usidhani kapoa. Nikaitoa simu kwenye unga, nikaipangusa, na ule mlio nikaufuta mwenyewe.

Miezi miwili haikupita, akaja Herbert. Huyu alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha maigizo cha Waingereza wa Doha, mzee wa tai ya rangi mbili na kicheko kirefu. Wanataka kumfanyia Bi Connie heshima, alisema, Ijumaa alasiri, chai na keki kwenye ukumbi wa hoteli moja ya Al Sadd. Filamu itaonyeshwa ukutani. Ukifika wimbo, Bi Connie atasimama mbele, sauti itatoka kwenye spika, na yeye afungue na kufunga mdomo tu. Asijichoshe.

"Nitaimba mwenyewe," akasema Bi Connie.

Herbert akacheka kile kicheko chake. Tom akashika mkono wa mama yake. "Mama, watu wanakuja kwa ajili ya sauti ile."

"Sauti ile si yangu, Tom. Haikuwa yangu hata siku moja."

Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe na sikuthubutu kuliweka chini. Nilimwona Tom anavyobadilika uso, nikamhurumia, maana alionekana kama mtoto aliyeambiwa nyumba yao imeuzwa. Lakini huruma yangu haikudumu, kwa sababu alichofanya ni kumgeukia Herbert na kumwambia kwa sauti ya chini, "Siku hizi anachanganya mambo."

Anachanganya! Siku ya Jumanne Tom akamwomba Charity ampime mama yake akili. Charity akamuuliza bibi siku, mwezi, mji, jina la mtawala wa hapa, akamwambia ahesabu kwa kurudi nyuma. Bi Connie akajibu vyote, akaongeza na jina la fundi aliyemshonea nguo za igizo la kwanza. Charity akatoka akamwambia Tom kwa Kiingereza safi kwamba mgonjwa yuko timamu. Kisha jikoni akaniambia kwa Kiswahili, "Huyu mama ako fiti kichwa. Labda mwenye kupimwa ni huyo kijana wake."

Tom hakuamini. Aliniita pembeni akaniambia ninamtia mama yake maneno, na nikiendelea itabidi atafute mlezi mwingine. Yeye ndiye kafili wangu, mwenye kibali changu cha kukaa, na kafili akikuacha Doha unajua njia ya uwanja wa ndege. Nikamwambia ndiyo, bosi. Moyoni nikamwambia mengine.

Kwa Bi Connie alikwenda kwa upole. Akapiga magoti, akamwomba asimame tu, kwa ajili yake.

"Nitasimama," akasema bibi.

Hakusema atafanya nini akishasimama, na Tom hakuuliza.

Ijumaa iliyotangulia ile ya heshima ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Wanawake wa Kitanzania tulikuwa tunakutana mtaa wa Najma, kwenye chumba cha mwenzetu Zuhura, juu ya duka la vipuri. Siku hiyo tulikuwa tunamuaga Sabra anayerudi Pangani kuolewa. Tom alikuwa kazini na bibi hawezi kuachwa peke yake, kwa hiyo nikamchukua. Ngazi za Najma alizipanda kwa kunishika kiuno, akimtukana aliyezijenga.

Chumba kilikuwa kimejaa madera na udi. Vitanda vya juu na chini vilikuwa vimesukumwa ukutani, tukakaa chini. Bi Connie tukampa kiti kimoja kilichopo. Kulikuwa na kinanda cha betri na ndoo ya kupigia. Mimi nyumbani niliwahi kuwa mwitikiaji katika kikundi cha taarabu, basi nikasimama nikaimba wimbo wa kumwambia jirani kwamba aliyeolewa ameolewa, kuungua ni kwake. Wenzangu wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja, wakija kwa mwendo wa madaha, mkono juu, noti ya riali kidoleni. Wakanibandika kwenye paji la uso na kunichomeka kwenye mtandio.

"Kwa nini wanamkatiza?" Bi Connie akamuuliza Zuhura.

"Hawamkatizi," Zuhura akajibu. "Wanamtuza. Neno likikugusa huwezi kukaa, lazima uende ukamwonyeshe. Noti hata iwe ndogo. Kwetu mwimbaji akiimba halafu watu wote wamekaa kama wako msibani, ametukanwa."

Bibi akafikiri sana. Kisha akasema na yeye ataimba.

Akasimama na mkongojo wake, akaimba wimbo wa mkata tiketi. Nilikuwa nimemsikia bafuni akiguna, lakini sikuwa nimesikia hivi. Sauti ilitoka tumboni, imechakaa na imejaa. Ng'ombe hazeeki maini. Wengi mle ndani hawakuelewa maneno, na hawakuhitaji, kwa sababu mwanamke anayeondoka bila kuomba ruhusa anajulikana kwa lugha zote. Sabra, bibi harusi, akawa wa kwanza kunyanyuka. Akaja kwa madaha akamchomeka noti kwenye kola.

Bi Connie akaacha kuimba. "Asante sana, mpenzi," akasema.

Zuhura akatikisa kichwa. "La, bibi. Usisimame. Mwimbaji hashukuru. Anapokea na anaendelea. Ukisimama umemwacha mwenzio njiani na mkono hewani."

"Anapokea na anaendelea," akarudia Bi Connie. Akaanza tena kutoka mwanzo, na safari hii hakusimama mpaka kola yake ikawa imejaa.

Kwenye gari la kurudi alizikunjua zile noti mapajani, akazilaza moja juu ya nyingine. "Watu wangu walipiga makofi," aliniambia. "Mwishoni, wote pamoja. Hujui nani ameguswa na nani anataka kuwahi treni."

Siku ya heshima ikafika. Ukumbi wa hoteli ulikuwa na vitambaa vyeupe, keki ndogondogo za kuliwa kwa ncha za vidole, na Waingereza wengi waliovaa vizuri. Sisi tuliokuja na kazi zetu tulipewa viti vya nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Charity naye aliletwa, na mkoba wa presha, kwa sababu Tom aliogopa. Bi Connie alivaa gauni la buluu na mtandio wangu wa harusi, aliouomba mwenyewe.

Filamu ikaonyeshwa, ikasimamishwa kabla ya wimbo. Herbert akasema maneno mazuri marefu. Kisha akampandisha bibi kwenye jukwaa dogo, ukutani nyuma yake akatokea yule msichana mkubwa wa rangi za kashata, na spika zikaanza.

Bi Connie akafumba mdomo.

Hakuufungua hata kidogo. Aliegemea mkongojo na kuwatazama watu mmoja mmoja, huku sauti nyembamba ikipanda na kushuka juu ya kichwa chake. Mwanzoni wakadhani amesahau. Herbert akamfanyia ishara kwa midomo. Tom akainuka nusu kwenye kiti cha mbele. Wimbo ukaenda mpaka mwisho, na makofi yakaanza kwa wasiwasi, yakafa yenyewe.

"Mliyemsikia ni msichana mwingine," akasema Bi Connie. "Aliimba vizuri na hakuna aliyemwambia asante. Mpigieni yeye makofi mkitaka. Sasa nisikilizeni mimi."

Akaanza, bila kinanda, bila spika. "Fungeni lango, nimeshapita." Ubeti wa kwanza ukaenda sawa, mzito na wenye kutu. Niliona nyuso zinavyokunjamana. Hawakuwa wabaya, walikuwa wanamwonea huruma, na hilo ndilo lililonichemsha damu. Ubeti wa pili pumzi ikamkatikia. Akasimama katikati ya mstari, mkono kifuani. Herbert akaona nafasi, akaanza kupiga makofi ya taratibu, yale ya kumsaidia mtu kushuka. Wengine wakamfuata.

Nilimfikiria Tom na uwanja wa ndege. Nikafikiri na Tanga, ambako ningeulizwa kwa nini nimerudi. Halafu nikasema potelea mbali, mwimbaji hatashushwa kwa makofi mbele yangu.

Nikainuka na sare yangu ya kazi. Sikukimbia, maana kutuza si kuzima moto. Nilipita katikati ya meza zao nyeupe kwa madaha, bega moja baada ya jingine, mkono juu, noti ya riali kumi kidoleni. Makofi yakasimama. Mtu mmoja akauliza huyu ni nani. Nikafika, nikamzunguka bibi mara moja kama inavyotakiwa, nikamchomeka noti kwenye mtandio. Nilimwona macho. Yalikuwa yameloa na yalikuwa yanacheka.

Hakuniambia asante. Alivuta pumzi, akapokea, akaendelea.

Nyuma yangu nikasikia viatu. Charity, Mkenya wa watu asiyejua taarabu, alikuwa anakuja na mkoba wake wa presha begani, anayumba kama anacheza kwaya ya kwao, noti mkononi. Wengine wote walikaa. Lakini hawakupiga tena makofi, na hawakula keki, na Bi Connie akaupeleka wimbo wake wote mpaka treni ikaondoka. Alipomaliza hakuinama. Aliniita nimshike mkono, tukashuka.

Tukaingia ndani ya gari la Tom. Alikuwa anaendesha mwenyewe, mimi na bibi tumekaa nyuma. Nilishaanza kupanga moyoni nguo zangu kwenye begi. Tulipita maduka ya Al Sadd, tukapita mashimo aliyoyachimba yeye na wenzake.

"Nilipougua surua," akasema mwishowe, macho barabarani, "kabla sijaenda shule. Kulikuwa na mtu ananiimbia gizani. Nilikuwa nadhani ni santuri."

"Santuri hatukuwa nayo bado," akasema Bi Connie.

Shingo ya Tom ilikuwa nyekundu mpaka masikioni. "Imba tena, Mama."

"Mimi ni mwimbaji," akasema Bi Connie. "Si redio."

Tulikuwa tumefika kwenye taa, ikawa nyekundu. Nikamwona Tom anajipapasa mfuko wa shati, kisha wa suruali. Akatoa noti moja iliyokunjamana. Hakugeuka. Aliinua mkono wake juu, juu kabisa mpaka ukagusa dari la gari, kama alivyoniona mimi nikifanya, na akaurudisha nyuma polepole katikati ya viti.

Bi Connie akaichukua noti ile, akaichomeka kwenye mtandio pamoja na yangu na ya Charity, na akaanza kuimba. Taa ikawa kijani. Magari ya nyuma yakatupigia honi, na Tom akayaacha yapige.